Saa ya ukutani ya pendulamu: inasimama baada ya dakika kumi, na kengele haifuati mishale

Mwanahodi (Ujiji, Kigoma)
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya saa ya kutia ufunguo kila siku nane, springi mbili: kulia ya mwendo, kushoto ya kengele. Nimeifungua yote, nimeiosha kwa petroli na kuirudisha. Sasa inakwenda dakika kumi hivi halafu inasimama, na mlio wake unachechemea: tik-tak… tik-tak… Pili, mishale ikiwa saa tatu kamili, mfupi kwenye 9, inagonga mara kumi na moja. Gia zote ziko mahali pake. Nimekosea wapi?

Isevya_Saa (Tabora)
Usiifungue tena kwanza, mkuu. Mlio wa kuchechemea peke yake unatosha kuisimamisha. Itundike, kisha sogeza kasha chini, kidogo kidogo, kushoto au kulia mpaka tik na tak ziachane sawa. Ikilingana huku kasha limeinama, tatizo ni ule uti mwembamba unaoshuka kutoka kwenye nanga (kile kipande cha juu chenye kucha mbili, kinachoyumba na kuachia gia jino moja moja) kwenda kusukuma pendulamu. Upinde kuelekea upande wa kasha ulio juu: kama kushoto ndiko kulikonyanyuka, pinda kushoto. Milimita moja, sikiliza, ndipo uongeze. Ubane kwa koleo kule juu, ukunje chini kwa kidole, la sivyo nguvu yote inaishia kwenye ncha za ekseli ya nanga.

Kengele yako ni ya gurudumu la kuhesabia, lile lenye mapengo ukingoni yanayozidi kuachana. Halijui mishale iko wapi, linaendelea tu lilipoishia: mapigo 78 kwa saa kumi na mbili, au 90 kama inagonga na nusu saa. Inua wenzo wa kuachia kengele kwa waya, iache imalize, inua tena, mpaka ifike tisa. Na mashine inahesabu namba za usoni, haijui Kiswahili: saa tatu ni mapigo tisa.

Plaizi (Mwanga, Kigoma)
Hapo kwenye "usiifungue" napinga kidogo. Ni sawa kama matundu ya bamba, yale zinamozunguka ncha za ekseli, ni mazima. Mlio ukilingana na bado inasimama, lazima uyakague.

Anza kwa kulegeza springi. Shika ufunguo barabara, inua kikucha kinachozuia gurudumu la springi, acha ufunguo uzunguke nusunusu ndani ya ngumi. Ukitoa nanga springi ikiwa imejaa, gia zinapaa na meno yanakatika. Ikishalegea, toa nanga, kisha tia ufunguo mlio mmoja au miwili ya kikucha. Gia zinatakiwa zizunguke hadi mwisho na gia ya juu irudi nyuma kidogo. Zikikwama ghafla, kuna msuguano.

Kisha lichezeshe gurudumu kubwa mbele na nyuma huku macho yako kwenye ncha za ekseli. Inayoruka pembeni, tundu lake limekuwa yai. Wapo wanaogongea msumari kando ya tundu lijibane. Usithubutu: unabana ukingo tu, na bamba limeshaharibika. Weka bushi ya shaba, yaani kijipete cha kuvisha tundu, lakini kwanza faili upande ambao haujalika, ili kitovu kirudi pale pa mwanzo. Ukifuata tundu lilivyolika, gia zitabaki zimeachana na bushi mpya haitakusaidia kitu.

Petroli haitoi ule weusi ndani ya matundu. Chonga kijiti cha mshikaki, zungusha tunduni, chonga tena, mpaka kitoke cheupe. Mafuta ni tone dogo kwenye kila ncha, na chembe tu kwenye kucha za nanga. Meno ya gia yabaki makavu. Vumbi likinasa kwenye mafuta linajikita kwenye shaba laini, na kinacholika sasa ni chuma.

Mwanahodi
Mlio umelingana, inakwenda tangu asubuhi. Kengele imefuata pia, ila inaanza kugonga dakika tatu kabla ya saa kamili. Na mafuta ya cherehani yanafaa?

Isevya_Saa
Ya cherehani ni mepesi, hutambaa kwenye bamba na kuiacha ncha kavu. Tafuta ya saa. Ya kula kabisa usiweke, yanageuka gundi.

Hizo dakika tatu: chomoa mshale mrefu, utaona katikati kijibushi cha shaba chenye tundu la mraba. Kishike kwa koleo, geuza mshale juu yake mpaka uelekee 12 pale pigo la kwanza linapotoka. Mashine usiiguse.

Plaizi
Mwendo urekebishe mwisho, baada ya siku nzima. Kwa pendulamu ya sentimita 25, kuwahi dakika moja kwa siku ni kushusha uzito theluthi moja ya milimita, yaani kwa nati nyingi za chini ya uzito hata mzunguko mmoja haufiki.