Halmashauri inahesabu paka wangu, chanjo zao haizitazami

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Nina paka watatu. Wote wamehasiwa, kadi zao za chanjo hazijapitwa na wakati, na hakuna jirani aliyewahi kunibishia hodi kulalamika. Hata hivyo nimepewa notisi inayonitaka nimwondoe mmoja ndani ya siku 14, kwa kuwa sheria ndogo inaruhusu wawili tu kwa kila kaya.

Afisa aliyeileta hakuuliza habari za chanjo wala usafi; alihesabu, akaandika, akaondoka. Nilipomuuliza huyo wa tatu nimpeleke wapi, alinyamaza, ingawa sote tunajua wanyama wanaoondolewa kwa amri ya namna hii huishia wapi: hutupwa usiku mtaa wa mbali, kisha halmashauri hiyohiyo hulalamika kwamba wanyama wanaozurura wamezidi mjini.

Hoja yao ni afya ya umma, nami siidharau, kwa sababu kichaa cha mbwa dalili zake zikishatokea mgonjwa haponi. Lakini Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba kinachokata maambukizi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo husika, na kuwaua ili wapungue hakusaidii. Mfugaji anayeogopa kunyang'anywa mnyama hampeleki kwenye chanjo, anamficha. Kelele na kinyesi ni kero za kweli pia, ila mbwa mmoja aliyefungwa mnyororo kutwa na kubweka hadi alfajiri huwanyima majirani usingizi kuliko paka watano wanaolala ndani, na kwa sheria hii mwenye mbwa huyo hana kosa lolote.

Singapore ilikataza paka katika nyumba za ghorofa za umma kwa zaidi ya miaka 30, watu wakawafuga kwa siri, hadi Septemba 2024 ilipowaruhusu wawili kwa kila nyumba, kwa sharti la leseni na chipu ya utambulisho. Nao wameweka kikomo, lakini aliyekuwa na zaidi alipewa muda wa kuwasajili wote na kubaki nao. Hilo tu ndilo ninalodai: notisi zisitishwe, na wanyama waliopo wasajiliwe, wakaguliwe, waachwe wamalizie maisha yao walipozoea.

Mkubwa wa paka wangu ana miaka 13 na macho yake yamefifia. Siku 14 zikiisha, simtoi.