Kampuni ya mitambo ya umeme ikisema "tumefika sifuri", hesabu iishie getini kwake?

Mwanzisha mada, Mbeya
Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi wa umeme mkubwa, miaka mingi nimezunguka vituo vya kupozea umeme vya huku Nyanda za Juu Kusini. Naomba tujadili ahadi za tabianchi za kampuni zinazotuuzia mitambo.

GE Vernova, iliyotenganishwa na General Electric (GE) ya Marekani Aprili 2024, inalenga viwanda na ofisi zake vifike sifuri ya hewa ukaa ifikapo 2030. Siemens Energy nayo imetaja mwaka huohuo kwa shughuli zake. Lakini hewa ukaa ya mitambo waliyokwisha kuuza, GE waliipeleka kwenye lengo la 2050. Sasa piga hesabu. Mtambo wa gesi wa megawati 100 ukifanya kazi nusu ya saa za mwaka unatoa karibu tani 200,000 za hewa ukaa. Kwa miaka 25 ni tani milioni 5. Kiwanda kilichouunda hata kikifunikwa sola paa zima, mzigo wenyewe hujaugusa.

Msimamo wangu: ahadi isiyoufuata mtambo mpaka siku unapozimwa tusiipe uzito, na sisi wanunuzi tuidai kwenye zabuni.

Mchangiaji, Mbarali
Shikamoo fundi. Mimi nina mashine ya kukoboa mpunga. Mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 ulinikalisha siku nzima nikitazama magunia ya watu. Maji yakipungua kwenye mabwawa, gesi ndiyo inatushika mkono. Ukiwabana wauzaji watapandisha bei, na mlipaji ni mimi. Waanze kubanana huko kwao waliochafua.

Mwanzisha mada
Marahaba mwanangu. Gesi siikatai, na huo mgawo uliniuma hata mimi. Wala sisingizii tabianchi kila kitu: Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi tangu miaka ya tisini, na mifereji yetu ya mpunga ina sehemu yake. Ila Mtera na Kidatu zinakunywa mto huohuo unaomwagilia shamba lako. Mvua ikiyumba, unakosa mpunga na umeme wa kuukobolea kwa pamoja. Ndiyo maana nataka aliyeuza mtambo aendelee kuujibia.

Mchangiaji, Iringa
Kamwene wadau. Mimi ni mhasibu, na hapa fundi anakosea. Hewa ya mtambo ni ya anayeuwasha. Shirika la umeme likiihesabu na muuzaji naye akaihesabu, tani moja imeandikwa mara mbili. Fundi seremala hashtakiwi kwa moshi wa kitanda alichouza kikichomwa.

Mchangiaji, Mufindi
Mimi naogopa zaidi wakishindwa kupunguza waje kulipia kaboni inayonyonywa na miti yetu, waihesabu kama punguzo lao. Msonobari unaupanda, miaka 18 hivi unauvuna, au moto wa Oktoba unaupitia kabla. Hewa ukaa ya mtambo inabaki angani mamia ya miaka.

Mwanzisha mada
Dada wa Mufindi, nakuunga mkono.

Mhasibu, kitanda hakikutengenezwa ili kichomwe. Mtambo wa gesi kazi yake ni kuchoma, na ule ufanisi wake umeamuliwa kwenye meza ya mbunifu. Anayeuwasha hana namna ya kuubadilisha. Tani kuandikwa kwenye vitabu viwili si wizi, maana hakuna anayelipwa mara mbili. Ni watu wawili kuulizwa.

Nikupe ninachokijua kwa mikono yangu. Breka nyingi za vituo vyetu, yaani swichi kubwa za kukata umeme, zina gesi ya SF6 ya kuzima cheche. Kila breka ina kisaa cha presha, mshale ukae kwenye kijani. Kiangazi kimoja niliukuta kwenye njano. Mkandarasi akaleta mtungi, akajaza, mshale ukapanda, akafunga vifaa vyake. Nikamuuliza zimeingia kilo ngapi. Hakuja na mzani. Baada ya wiki sita mshale ulikuwa njano tena.

Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja inapasha dunia joto kama tani 23 na nusu za hewa ukaa, kwa hesabu ya miaka 100. Semi ingebidi itoke Mbeya iende Dar mara 25 hivi kufikisha hiyo. Kilo ngapi zilipotea pale, hazipo kwenye kitabu cha mtu yeyote, si chetu wala cha aliyetengeneza breka.

Na breka zisizo na SF6 zipo sokoni. Ulaya, sheria yao ya 2024 imezuia kufunga breka mpya zenye gesi za aina hiyo hadi kilovolti 24, kuanzia Januari 2026. Laini zetu za mitaani zipo za kilovolti 11. Zile zilizokataliwa kule zitatafuta mnunuzi wapi?

Mchangiaji, Iringa
Kwenye breka umenishika, fundi. Kilo zisizopimwa hata mimi nisingesaini. Kwenye mtambo wa gesi bado sijakubali.

Mwanzisha mada
Basi tuanze na breka. Laini ya kilovolti 400 ya Iringa, Mbeya, Tunduma hadi Sumbawanga inakuja na vituo vyake. Aliye karibu na zabuni za vifaa vya laini za mitaani humu ndani aulize kama mnunuzi ametaja gesi ya ndani ya breka, na kama mzani wa mtungi umo kwenye orodha ya vifaa.