Tupeane uzoefu: kuitazama Starship Troopers (1997) kama kejeli ya siasa

Wakuu, wengi huiweka hii filamu ya vita kati ya binadamu na wadudu wakubwa wa anga za mbali kwenye kapu la sinema za risasi na midudu. Waigizaji warembo kupita kiasi, maongezi mepesi, damu chapachapa. Ila aliyeiongoza ni Paul Verhoeven, aliyekulia Uholanzi iliyokaliwa na Wanazi, na mwandishi wake Edward Neumeier ndiye aliyefanya naye RoboCop (1987). Nyie mnaishikia wapi kejeli yake?

#2
Kwenye taarifa za habari zinazoonyeshwa ndani ya filamu. Usizipeleke mbele hata moja! Lile tangazo la mwanzo la kuandikisha askari limeiga Triumph of the Will, propaganda ya Wanazi ya 1935. Baadaye muuaji anakamatwa asubuhi, anahukumiwa kifo siku hiyohiyo, na saa kumi na mbili jioni anauawa mubashara kwenye chaneli zote. Inasomwa kama utabiri wa hali ya hewa.

#3
Angalia miili. Mwalimu anayefundisha kwamba mabavu ndiyo mamlaka ya juu kuliko yote hana mkono mmoja. Askari anayemwandikisha Rico, mhusika mkuu, anajisifu kuwa jeshi ndilo lililomfanya mwanamume, kumbe hana miguu. Hakuna anayestuka. Watu hukwama wakisubiri mhusika mwenye busara aje akemee. Haji ng'o, na ndiyo maana wapo wahakiki wa 1997 walioondoka wakiamini filamu inashabikia ufashisti.

#4
Na koti la Carl, rafiki wa Rico, mwishoni, refu, jeusi, mtindo wa SS (kile kikosi cha Wanazi) mtupu.

#5
Mimi nashauri itazamwe mara mbili. Ya kwanza shangilia tu, maana vita vimepigwa kwa ustadi na mtego uko hapohapo. Ya pili uliza: nani kathibitisha kwamba kimondo kilichoteketeza Buenos Aires kilirushwa na wadudu? Serikali peke yake. Tena habari zilishataja walowezi wa Kimormoni waliojenga ndani ya eneo la wadudu. Mwandishi wa habari mmoja anapogusia kwamba huenda binadamu ndio waliochokoza, Rico anamkatiza akitaka wadudu wote wauawe.

#6
Nakubaliana na #5. Riwaya ya Robert Heinlein (1959) iliyozaa filamu hii isome baada ya filamu, si kabla. Kule uraia wa kupatikana kwa utumishi unatetewa kwa dhati, na ukitangulia kuisoma utaiona filamu kama nakala iliyoharibika badala ya jibu.