Sensa za unyevu kwenye luseni: pampu haizimi, maji yanapotelea chini

Nyanya_Magu: Wakuu, naomba ushauri. Robo eka ya nyanya, udongo wa luseni (kichanga), maji ya ziwani. Mipira ya matone ina tundu kila sm 30, lita 1.6 kwa saa. Sensa mbili za kapasitansi (hupima unyevu kwa umeme) nimezichomeka katikati ya mistari, Arduino (kompyuta ndogo ya ubao) inawasha pampu namba ikivuka 400 (udongo ukikauka namba hupanda), kama kwenye video ya wakulima wa jangwani. Pampu inakwenda saa 3 bila kuzima, na nikichimba sm 60 mchanga ni chepechepe. Nakosea wapi?

Fundi_Matone: Mkuu, sensa zako ziko nje ya maji. Kwenye mbuga (udongo mzito wa mfinyanzi) tone hutanuka pembeni. Kwenye luseni linashuka wima, umbo la karoti. Katikati ya mistari patabaki pakavu hata umwage tangi zima. Weka moja sm 10 kutoka kwenye tundu, kina sm 15. Ya pili hapohapo, kina sm 35. Ya juu ndiyo iwashe pampu; ya chini ikipata unyevu, maji yameshapita mizizi, kwa hiyo punguza dakika za awamu inayofuata. Usiipigilie. Chimba shimo, ichomeke kwenye ukuta wake, shindilia. Upenyo wa hewa ukibaki, inasoma ukavu. Na kwa kina hicho, pakaa gundi ya araldaiti sehemu yote yenye vifaa vya umeme, na kingo zake rangi ya kucha, la sivyo maji yanaingia ubaoni na namba zinaanza kuhama.

Mpima_Udongo: Hiyo 400 ni ya udongo wao, si wako. Kausha luseni kwenye sufuria, moto mdogo, mpaka uzito usishuke tena. Pima kilo 1.5, shindilia ijae chombo cha plastiki cha lita 1 (bati linavuruga usomaji), andika namba: hiyo ni sifuri. Mwaga, changanya ml 50 za maji, rudisha ujazo uleule, soma: asilimia 5. Endelea hivyo hadi 20. Kisha lowesha shamba vizuri jioni, soma asubuhi. Hapo ndipo udongo wako umeshiba.

Nyanya_Magu: Asante sana. Niwashe unyevu ukishuka kiasi gani? Na tenshomita (kifaa kinachopima kwa sentibari jinsi udongo unavyoshikilia maji) je?

Mpima_Udongo: Nyanya usiziache zitumie zaidi ya asilimia 40 ya maji yaliyo kati ya kushiba na kunyauka. Tenshomita haihitaji vipimo hivyo. Kwenye mchanga washa ikifika sentibari 10 hadi 15. Ukisubiri 50 ya udongo mzito, zimeshanyauka. Ijaze maji yaliyochemshwa yakapoa, viputo vitoke.

Fundi_Matone: Gawanya: dakika 20 asubuhi, 20 saa 8 mchana, kuliko 40 kwa mkupuo. Kwenye programu weka kikomo cha dakika 25 kila awamu. Mwani wa ziwani ukiziba tundu lililo karibu na sensa, itasoma ukavu siku nzima na pampu itazamisha mistari mingine. Funga chujio cha diski cha meshi 120, lioshe kila siku, na kila wiki fungua ncha za mipira matope yatoke.