Tupeane uzoefu: soksi ulizofuma kwa mkono wako

Umande wa Kitulo
Habari zenu wakuu. Leo nimefungua sanduku la marehemu mama kutafuta blanketi, nikakuta soksi ya kahawia ikiwa bado kwenye sindano. Sindano zenyewe ni spoku nne za baiskeli, kazisugua kwenye jiwe mpaka zikachongoka kotekote. Mwenzake imekamilika, imekunjwa pembeni. Hii imefika kisiginoni ikaishia hapo.

Mliokulia Makete mnaijua Juni na Julai. Unaamka nyasi ni nyeupe, umande umeganda, na shule iko ng'ambo ya bonde. Mama alitufumia jioni jikoni, mikono inafuma, macho yako kwenye chungu. Sikuwahi kumsikia akihesabu. Nimejaribu kuiendeleza, kisigino kimenishinda. Mnaofuma soksi njooni: mlijifunzaje, raha yake iko wapi, na wapi mlilia?

Mama Pacha
Pole sana ndugu. Kisigino ndiko raha yote iliko.

Fundi Spoku
Poleni. Usiivute hiyo spoku hata kidogo, vitanzi vikichomoka utalia mara mbili. Vihesabu kwanza. Soksi ya mtu mzima kwa uzi mwembamba mara nyingi ni vitanzi 64, uzi mnene vinapungua. Kwa sindano nne, tatu zinabeba na ya nne ndiyo inayofanya kazi. Nusu ya vitanzi inakaa sindano moja, hiyo nusu ndiyo kisigino. Kama ni 32, unafuma hivyo tu, kwenda na kurudi, safu 32, na kila mwanzo wa safu kitanzi cha kwanza unakihamisha bila kukifuma. Hapo unapata kipande cha mraba kinachoning'inia.

Halafu unageuza. Unafuma kupita katikati kidogo, unaunganisha viwili, unafuma kimoja, unageuka kabla safu haijaisha. Kila safari unameza kitanzi cha upande mmoja. Ghafla kile kipande bapa kinajikunja kinakuwa kikombe. Nimefuma soksi tangu 1998, na bado hapo huwa nasimama naitazama. Ukimaliza, okota vitanzi 16 kila pembeni, rudi kwenye mduara, punguza taratibu mpaka urudi 64.

Shosho wa Nyahururu
Huyu Fundi ameeleza vizuri. Mimi nilifunzwa na nyanya yangu, na alinipiga vidole kwa sindano nikikaza uzi. Ukikaza sana soksi haipiti kwenye kisigino cha mtu. Legeza mkono, mwanangu.

Kipara Ngoto
Samahani kuuliza, mnahangaika hivi kwa nini? Mnadani jozi tatu ni buku mbili.

Fundi Spoku
Hizo za mnadani zikitoboka unatupa. Yangu ikitoboka nadumbukiza balbu iliyoungua ndani ya kisigino, nasuka uzi juu ya tundu, inaendelea kutembea. Nina jozi moja nimeitengeneza kisigino mara tatu.

Kipara Ngoto
Sawa, lakini muda wako una thamani.

Fundi Spoku
Ndiyo, ndiyo maana nautumia hapo.

Mkaazi wa Tampere
Niko Finland mwaka wa sita. Huku ukiingia nyumba ya mtu unavua viatu mlangoni, kwa hiyo soksi zako zinaonekana na kila mtu, na nyingi ni za kufuma. Majira yangu ya kwanza ya baridi sikuwa na mtu wa kuongea naye. Jirani yangu mzee aliniona kwenye ngazi na soksi zangu za pamba zimelowa, akanivuta ndani. Lugha yake sikuijua, yangu hakuijua. Tulikaa jioni nne mezani, yeye anafuma, mimi naiga, nikikosea ananigusa mkono. Neno la kwanza la Kifini nililolishika ni *sukka*, soksi. Sasa nafumia kwenye basi, kazi yote inaingia kwenye mfuko wa koti. Uzi wa gramu 100 unanitosha jozi moja. Chagua wenye sufu asilimia 75 na nailoni 25, sufu tupu inaliwa haraka kisiginoni.

Shosho wa Nyahururu
Sufu tupu ndiyo soksi. Nailoni ni ya wavuvi.

Binti Malindi, Maskati
Mie nafuma kwa ajili ya mamaangu. Ana sukari, na miguu imepoteza hisia, soksi ya dukani ikimbana hajui mpaka nione alama. Na humu ndani kiyoyozi mchana kutwa, miguu yake barafu. Namfumia shingo refu, vitanzi viwili mbele viwili nyuma, inashika bila mpira. Mbele kwenye vidole sishoni mshono wa kukwaruza, naunganisha vitanzi kwa sindano ya kushonea mpaka pawe laini. Namvalisha mwenyewe baada ya alasiri, natia mkono ndani kwanza kuhakikisha hamna fundo. Hapo ndipo ananiombea dua. Sina raha inayoishinda hiyo.

Mama Pacha
Dada wa Maskati umenikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Wanangu walikuwa na miezi miwili. Niliwafumia soksi za rangi mbili, nyekundu na nyeupe, zina nyota. Mnaofuma rangi mbili mnajua, ule uzi usiotumika unapita ndani kama madaraja. Nilikuwa najifunza, madaraja yangu yalikuwa marefu na yamelegea. Kwa nje soksi nzuri, kila mgeni anasifia.

Usiku Kulwa akaanza kulia. Nyonyesha, anakataa. Mkwe akasema tumbo, jirani akasema jicho la mtu. Nikampaka mafuta tumboni, nikambeba mgongoni, nikazunguka chumba mpaka saa kumi alfajiri. Sikumvua soksi hata mara moja kwa sababu kulikuwa na baridi! Asubuhi nambadilisha ndio naona. Uzi mmoja umejizungusha kwenye kidole cha pili cha mguu, umezama, kidole kimevimba rangi ya zambarau iliyoiva. Nilijaribu kuukata na wembe, mikono inatetemeka, siuoni. Tukapanda bodaboda mpaka zahanati. Nesi alimshika, akapitisha kimkasi chini ya uzi, tukasikia *tk*. Akatuambia tukae tuangalie. Rangi ilirudi polepole, nami nikakaa chini sakafuni.

Mwaka mzima sikugusa sindano.

Binti Malindi, Maskati
Yarabi. Kidole kikoje sasa?

Mama Pacha
Kizima. Anacheza mpira nacho.

Mkaazi wa Tampere
Nimetetemeka. Nina soksi za kichanga cha dada yangu mezani hapa, nazigeuza sasa hivi.

Fundi Spoku
Ya mtoto mchanga ni rangi moja tu. Igeuze ndani nje kila kabla ya kumvalisha, ncha zote zifiche ndani ya vitanzi. Na mtoto akilia bila sababu, mvue nguo zote umkague vidole. Na vya mikono.

Ua la Lushoto
Ndiyo maana mimi wachanga nawafumia kwa kroshia, ile ya sindano moja yenye ndoano, imeshikana, haina nyuzi za kuning'inia.

Shosho wa Nyahururu
Ya kroshia ni ngumu kama kikapu, mtoto ataumia.

Ua la Lushoto
Shosho, inategemea mkono na uzi. Na kutengeneza soksi kwa sindano moja ni kwa kale, ingawa si kroshia. London, kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, kuna soksi nyekundu za sufu kutoka Misri, umri wake unapita miaka 1,500, zimetengenezwa kwa sindano moja ya tundu. Mbele zimegawanyika, dole gumba peke yake, ili mtu avae na ndara.

Kipara Ngoto
Kumbe soksi na ndara si ya leo! Hapo mmenipata. Mtu akitaka kuanza, uzi anapata wapi?

Fundi Spoku
Tafuta sweta la sufu kwenye mtumba, ulifumue. Choma ncha ya uzi kwanza. Ukinuka nywele na kuwa majivu ni sufu. Ukiyeyuka ukawa kishanga kigumu ni plastiki, usiivae karibu na jiko.

Umande wa Kitulo
Nimewasoma wote tangu asubuhi. Mama Pacha, asante kwa kuandika. Nimehesabu, viko 56, na 28 viko kwenye spoku moja. Kumbe alikuwa ameshaanza kisigino, safu tisa. Niendelee au niiache kama alivyoiacha?

Binti Malindi, Maskati
Iache. Ule ni mkono wake.

Shosho wa Nyahururu
Maliza. Hakuna mwanamke anayefuma soksi ili ikae kwenye sanduku.

Fundi Spoku
Ukiendelea, mstari utaonekana pale mkono wake unapoishia na wako unapoanza. Usiufumue huo mstari.

Umande wa Kitulo
Nimefika safu ya 14. Mstari unaonekana.