Kikao cha maoni ya bajeti: tunaitwa kusaini tu ama kuna njia vijana wasikizwe kweli?

kijana_wa_maskani:
Wadau habari zenu. Nataka kuuliza kitu na naomba mnijibu kwa upole manake hii siku ilinichoma roho. Mwezi wa tano kulikuwa na kikao cha maoni ya bajeti ya kaunti huku kwetu Pwani ya Kenya (kaunti sitaji, msinichimbe). Tangazo lilibandikwa mlango wa ofisi ya wadi Jumatatu, kikao Jumatano saa tatu asubuhi, sasa hebu niambieni nani huja saa tatu, wa vibarua washatoka, wa bodaboda wako steji, waliofika ni akina mama wa chama, wazee, na sisi kumi na moja tuliotoka maskani kwa sababu hatuna kazi ya kuchelewa.

Tukapewa karatasi, kurasa kama tisini, Kizungu kitupu na majedwali. Afisa akasoma mafungu mbio kama mtu anayewahi feri. Ilipofika zamu ya wananchi nikanyoosha mkono nikasema sisi tunataka ule ukumbi wa jamii ufunguliwe. Ulijengwa, ukapakwa rangi, ukatiwa kufuli, mpaka leo wanaofaidi kivuli chake ni mbuzi. Tunataka vijana wapate pa kusomea, kompyuta mbili tatu, jioni mazoezi. Jamaa akasema nzuri sana, tumeandika.

Mdogo wangu ni kiziwi, nilikuwa namtafsiria mwenyewe kwa mikono, zile ishara zetu za nyumbani. Akaniuliza wamesemaje? Nikamwambia wameandika. Akaniuliza wameandika wapi, mbona kalamu yake haikusonga.

Baadaye soda, mkate, mia tatu ya nauli, saini kwenye daftari, picha ya pamoja. Bajeti imepita na ukumbi haumo. Sasa swali langu, kuna mtu hapa ashawahi kupeleka kitu cha vijana kaunti kikaingia kweli? Alipitia wapi? Ama niache tu nirudi kucheza drafti.

---

bwana_daftari:
Kijana usirudi kwenye drafti bado. Mimi nilikaa kamati ya wadi miaka kadhaa (si kwenu) na nikwambie ukweli ambao hakuna afisa atakwambia: mlichelewa. Hamkuchelewa siku ile, mlichelewa miezi tisa.

Iko hivi. Bajeti ya kaunti haianzi mwezi wa tano. Inaanza na ule Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, wenyewe wanauita ADP, ambao kwa sheria ya fedha za umma ya 2012 lazima ufike bunge la kaunti kabla au tarehe 1 Septemba. Na huo ni wa mwaka wa fedha utakaoanza Julai inayofuata, si wa sasa. Mwisho wa Februari inakuja karatasi ya sera ya fedha, hapo ndio kila idara inapangiwa kiwango chake isipite. Tarehe 30 Aprili makadirio yanapelekwa bungeni. Nyinyi mlipoitwa Mei chakula kilikuwa kishapakuliwa, mmeulizwa tu kama chumvi imetosha. MCA, yaani mwakilishi wa wadi kwenye bunge la kaunti, anaweza kusogeza sogeza lakini ukitia kitu kipya lazima utoe kitu cha mtu mwengine, na yule mtu naye ana MCA wake.

Kwa hivyo wakati wa kwenda ni Julai na Agosti, wakati idara zinaandika ADP na hakuna mtu anaziangalia. Tena msiende na mdomo mtupu. Andikeni kurasa mbili, mnataka nini, wapi, watu wangapi watafaidi, itagharimu kama kiasi gani. Nakala moja idara ya vijana na michezo, moja kwa karani wa bunge la kaunti, moja kwa MCA, na nakala yenu IGONGWE MUHURI. Ule muhuri ndio kalamu iliyosonga, mwambie mdogo wako.

Jengine, angalieni mnaomba kitu cha nani. Nilishaona vijana wamekesha wanaandika barua ya madarasa ya sekondari, wakapeleka kaunti, wakarudishwa. Sekondari ni ya serikali kuu. Kaunti ni chekechea, vyuo vya ufundi vya vijiji, maktaba, viwanja vya michezo, mambo ya utamaduni, zahanati. Ukumbi wenu uko sawa hapo.

---

sio_mjinga_tena:
bwana daftari na heshima zote lakini hii ndio lugha tumeambiwa tangu katiba ya 2010, andika barua, gonga muhuri, ngoja. Tulingoja. 2024 watu walituma maoni mangapi kuhusu mswada wa fedha, ule wa kodi wa serikali kuu? Mafuriko ya maoni. Bunge likapitisha vile vile, ikabidi watu watoke barabarani 25 Juni na wengine hawakurudi nyumbani, kesho yake ndio rais akakataa kuusaini mswada. Na ile sheria ya fedha ya 2023, Mahakama ya Rufaa ikasema Julai hiyo ya 2024 kwamba haifai kikatiba, moja ya sababu ni hiyo hiyo ya wananchi kutoshirikishwa vizuri, Oktoba Mahakama ya Juu ikairudisha kazini. Sasa kijana wa maskani na kurasa zake mbili ni nani??

Mimi siendi kikao cha soda tena. Nikienda saini yangu inatumika kusema "wananchi walishauriwa".

---

bwana_daftari:
@sio_mjinga_tena sikupingi kwa hilo la saini, hata mimi naliona. Ndio maana nikasema andika. Maneno ya kikaoni yanaandikwa na wao, ya kwenye barua umeyaandika wewe. Ukisaini daftari pembeni andika "tumewasilisha barua ya tarehe fulani". Hakuna aliyewahi kunikataza.

---

mama_magurudumu:
Salaam. Naingia kwa upande wa yule mdogo wake manake naona mmemruka wote mkakimbilia tarehe.

Mimi natumia kiti cha magurudumu. Vikao vyetu vilikuwa vinafanywa ghorofa ya kwanza. Lifti hakuna. Nikifika chini naambiwa "mama wewe tuambie hapa tutakupelekea maoni", yaani maoni yangu yapande ngazi mimi nibaki na askari wa geti. Mara ya tatu nikakataa kuondoka, tukawa wanne, tukakaa pale chini kwenye lango kila anayepita anatupita. Kikao kikahamishiwa chini ya mwembe uani na kuanzia siku hiyo ni hapo hapo mwembeni. Hata wazee wa magoti walishukuru, kumbe nao walikuwa wanaumia kimya.

Sasa wewe kijana: kabla ya kikao, tena kwa maandishi, ombeni mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Si hisani. Kifungu cha 54 cha katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na cha 7 kinasema serikali iikuze. Na hicho hicho cha 7 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, kwa hivyo ile karatasi ya Kizungu kitupu ulizeni muhtasari wake wa Kiswahili uko wapi. Sisi tuliuliza, wakacheka, mwaka uliofuata ukaja, kurasa nne, umetafsiriwa vibaya lakini ukaja.

Halafu samahani nikukosoe kidogo mwanangu. Umesema ulikuwa unamtafsiria kwa ishara za nyumbani. Hapo yeye anapata unachochagua wewe. Yule aliyeona kalamu haisongi anaonekana ana maoni yake mwenyewe.

---

mtu_wa_hesabu:
Nimesoma yote na naona mnamwandalia vita isiyo yake. Ukumbi USHAJENGWA. Si mradi mpya. Kwa sheria angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo na wanasiasa wanapenda fungu hilo kwa sababu jengo linakatwa utepe. Mshahara wa mtu wa kufungua mlango, stima, maji, mlinzi, hivyo viko kwenye matumizi ya kawaida na hakuna utepe wa kukata kwa bili ya stima. Ndio maana kumejaa majengo yaliyofungwa nchi nzima, nyinyi si wa kwanza.

Kwa hivyo msiombe "ukumbi". Ombeni mtu wa kushika ufunguo na masaa ya kufungua. Na kabla ya hapo ombeni taarifa: ukumbi ulikabidhiwa lini, uko chini ya idara gani, ardhi ni ya nani. Sheria ya kupata taarifa ya 2016 inawapa siku 21 wawajibu na maombi yenyewe hayalipiwi, labda gharama ya kutoa nakala. Mara nyingi utakuta mkandarasi hajalipwa amekaa na ufunguo wake. Hapo hata ADP haiwasaidii.

Na mkitaka kujua uzito wa vijana kwenye haya mambo, someni kifungu cha 137 cha sheria ile ya fedha za umma ya 2012, kuhusu jukwaa la bajeti na uchumi la kaunti. Wametajwa wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, akina mama, wenye ulemavu, wazee, watu wa dini. Vijana neno halipo. Ukitaka kuingia itabidi uingie kwa mlango wa mwengine.

---

jirani_wa_tanga:
Poleni majirani. Huku Bongo sisi tuna ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, nne wanawake, nne vijana, mbili wenye ulemavu, mikopo bila riba. Imeandikwa kwenye sheria kwa hiyo huhitaji kubembeleza mtu fungu liwepo. Lakini msitamani sana, 2023 ilisimamishwa baada ya madudu kibao ya vikundi hewa na marejesho kutorudi, ikaanza tena 2024. Mimi kikundi chetu tulikosa mara ya kwanza kwa sababu katiba ya kikundi tuliikopi neno kwa neno hadi jina la kikundi kingine tukaliacha ndani, afisa maendeleo ya jamii alicheka mpaka akakaa chini. Hapo lawama ni zetu.

Ila huyo mama wa mwembe nimempenda.

---

kijana_wa_maskani:
Ahsanteni nyote hata wewe @sio_mjinga_tena, hasira zako nazijua. Mama nimekosoleka na nimekubali.

Nilimwonyesha mdogo wangu huu uzi wote akausoma kwenye simu. Akaniambia, mtu wa hesabu ndiye mwenye akili hapo, tuanze na ufunguo. Tumeandika barua ya kuomba taarifa, Kiswahili, ukurasa mmoja, kasaini yeye kwanza mimi wa pili na wenzetu tisa. Tumeipeleka jana. Yule wa mapokezi akasema muhuri uko na bosi na bosi yuko semina, tukakaa kwenye benchi mpaka saa kumi na nusu, tukagongewa. Siku 21 nimeziandika ukutani maskani kwa makaa, wale wazee wa bao washaanza kutuwekea dau.

Swali dogo la mwisho, huku Pwani kuna mtu anamjua mkalimani wa ishara anayekubali kuja Jumatano saa tatu na nauli ya mia tatu? Nacheka lakini nauliza kweli.