Hii "tunafikisha nchi nzima" ni uongo, na sisi wa visiwani tumechoka kuulipia

Wakuu, leo nina hasira na sitaificha. Kila ukianzishwa mjadala wa kununua vitu mtandaoni, watu wa bara wanatugeukia sisi wa visiwani. Wengine wanasema tulieni, siku hizi kila kitu kinaletwa mpaka mlangoni. Wengine wanatusuta kwamba tunaua maduka yetu wenyewe kwa kuagiza nje ya kisiwa. Wote hao hawajui mzigo unavukaje maji, nani anaulipia, na nani anatukamua njiani.

Nianze na lililonifika. Pampu ya maji ya nyumbani iliungua mota. Mwenye duka wa hapa aliniambia ukweli: aina ile haleti, kwa sababu muuzaji wa jumla anamlazimisha achukue katoni nzima na wateja wake hawaimalizi. Nikaingia mtandaoni. Juu ya ukurasa, herufi kubwa: TUNAFIKISHA NCHI NZIMA. Nikajaza jina, simu, anwani, namba ya kadi. Nilipoandika msimbo wa posta, hatua ya mwisho kabisa, ndipo ukachomoza mstari mdogo wa "nyongeza ya visiwani", na nyongeza yenyewe ilikuwa imeipita bei ya mota. Nililipa. Nyumba haina maji, ningefanya nini?

Mzigo ukafika kwenye ghala la bara, ng'ambo tu ya maji, ukakaa. Kisha simu ikaingia ujumbe: "Tumejaribu kukufikishia mzigo wako, hatukukukuta." Siku hiyo bahari ilikuwa imechafuka na vyombo vyote vilizuiwa kuondoka. Hakuna boti iliyofunga gatini kwetu toka asubuhi mpaka usiku. Nilikuwa nyumbani, hakuja mtu, na hakuna ambaye angeweza kuja. Mtu alikaa ghalani, akabonyeza kitufe, akaandika kwamba mimi sikuwepo. Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea akanisomea: "Mfumo unaonyesha hukuwepo." Nikamwambia dada yangu, boti hazikusafiri leo, uliza bandarini. "Mfumo unaonyesha hukuwepo." Ujumbe uleule ukaendelea kujirudia mpaka mzigo ukarudishwa kwa muuzaji, naye akanirudishia bei ya mota peke yake. Nauli ya kuja na ya kurudi akazikata zote. Nimelipa mota itembee barabara za bara na irudi rafuni kwake, na bahari haikuiona hata kwa mbali.

Sasa msije na ile hoja ya "bahari ni gharama". Najua ni gharama, naiona kila siku. Ninachokataa ni kutozwa bahari ambayo haijavukwa. Tazameni kisiwa cha Skye huko Uskoti. Daraja lake lilifunguliwa mwaka 1995, na tozo ya kulivuka ikafutwa mwaka 2004. Lori linatoka ghalani, linapita barabara, linafika, halipandi feri wala halilipi kitu darajani. Lakini wakazi wake wamebaki wakilalamikia nyongeza ya kisiwa kwa miaka mingi baada ya hapo. Inverness si kisiwa kabisa, ni mji wa bara wenye reli na barabara kuu, na nao unaingizwa humohumo, kwa sababu herufi mbili za mwanzo za msimbo wake wa posta, IV, ni zilezile za Skye. Kompyuta inasoma herufi mbili, inaongeza pesa, basi.

Marekani nako ni yaleyale. Hawaii ni jimbo kamili tangu 1959, lakini wauzaji kibao wanaandika usafirishaji wa bure halafu wanamalizia kwa maandishi madogo kwamba ni kwa yale majimbo 48 yaliyoshikana tu. Na kumbukeni posta ya Marekani ina maboksi ya bei moja yanayokwenda Hawaii kwa bei ileile ya kwenda jimbo la jirani. Njia ipo. Muuzaji hataki kubadilisha alivyozoea.

Nchi nyingine zimeshalijibu jambo hili kwa barua, tena zamani. Mwaka 1840 Uingereza ilianza kutoza peni moja kwa barua nyepesi kwenda popote ndani ya nchi, iwe mtaa wa pili au kisiwa cha mbali. Rowland Hill, aliyelipigania hilo, alikuwa amepiga hesabu akaonyesha kwamba kuisafirisha barua toka London mpaka Edinburgh kunakula sehemu ndogo sana ya peni. Gharama kubwa ilikuwa kwenye kuipokea, kuiandika, kuipanga na kuigawa. Kifurushi ni kizito kuliko barua, nakubali, na boti si gari la farasi. Lakini mpaka leo sheria ya huko inaibana kampuni inayobeba jukumu la posta kwa wote itoze bei moja nchi nzima, huku wasafirishaji wengine wakiachwa wapange watakavyo. Kwa hiyo kisiwa kilekile, boti ileile, vifurushi viwili vya uzito mmoja, kimoja kina nyongeza na kingine hakina. Nani ataniambia hapo ni bahari inayotoza?

Halafu kuna mchezo wa ukubwa wa boksi, na huu unawauma watu bila kujua umetoka wapi. Wasafirishaji wengi hawatozi uzito wa mizani peke yake. Wanachukua urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, wanagawa kwa 5000, na jibu wanaliita kilo. Kati ya hilo na uzito halisi, wanakutoza lililo kubwa. Boksi la 60 kwa 50 kwa 40 ni kilo 24 kwenye karatasi yao, hata kama ndani kuna mto wa kulalia na hewa. Aliyechagua boksi ni mfanyakazi wa ghala la muuzaji, alichukua lililokuwa karibu na mkono. Anayelipa ni wewe, na ukiwa kisiwani nyongeza inapigwa juu ya hizo kilo 24 za hewa.

Betri ni habari nyingine, na hapo sitalaumu kanuni. Tangu Aprili 2016 betri za lithiamu-ioni zinazosafiri peke yake, bila kifaa chake, haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, kwa sababu zinaweza kuwaka. Kisiwa kinachotegemea ndege ndogo za abiria kitasubiri boti, sawa kabisa. Ninachouliza ni kwa nini muuzaji apokee pesa kwanza, akae nazo, ndipo agundue kwamba hawezi kuleta.

Na kurudisha? Umoja wa Ulaya umewapa wanunuzi wa mtandaoni siku 14 za kubadili mawazo, kwa sheria yake ya mwaka 2011. Haki nzuri, lakini gharama ya kurudisha kitu ambacho hakina kasoro ni ya mnunuzi, isipokuwa muuzaji amekubali kuibeba. Wa mjini anapeleka boksi kwenye kibanda cha wakala njiani akienda kazini. Sisi tunalipa boti, tunalipa uzito wa hewa, na tukipiga hesabu tunakiacha kiatu kisichotutosha chini ya kitanda. Haki ipo, ila imezuiwa gatini.

Nije sasa kwa mnaotusuta kuhusu maduka. Mimi mwenye duka simchukii, na nakasirika nikisikia anaitwa mwizi. Bei yake iko juu kwa sababu amelipa lori la bara, wapakuzi wa bandari, boti, wapakuzi wa upande huu, na gari la kutoka gatini mpaka dukani. Anaweka akiba ya mwezi mzima wa bahari mbaya, pesa zake zimelala rafuni. Boti zikisimama, kila mmoja wetu, pamoja na wale wanaojisifu hawajakanyaga dukani mwaka mzima, anakwenda kwake kutafuta tochi, gesi, dawa ya maumivu na pampasi za mtoto. Kitu kikiwa kibovu unakirudisha palepale kaunta, anakijaribu mbele yako, anakubadilishia. Hakuna mfumo unaoonyesha hukuwepo.

Lakini mwenye duka huyohuyo hawezi kuweka mota ya kila pampu, kiatu cha mtu mwenye mguu mkubwa, miwani ya kila namba, kitabu cha kila darasa. Tunaagiza nje vile ambavyo duka haliwezi kubeba. Tukiagiza na vile ambavyo duka linabeba, ni kwa sababu nauli imepangwa hivyo. Hapa ndipo nilipotaka mfike nami: mzigo wake na kifurushi changu vinavuka maji yaleyale, mara nyingi ndani ya boti moja, na anayepanga nani alipe ngapi juu ya yale maji ndiye anayeamua kama duka litabaki. Si mimi na kikapu changu.

Mifano ipo. Uskoti walianza mwaka 2008 kujaribu nauli ya feri inayofananishwa na gharama ya kusafiri umbali uleule barabarani. Abiria na magari madogo wakapumua. Lakini mwaka 2012 magari makubwa ya biashara yakaondolewa kwenye punguzo hilo. Fikirini lililobaki: mkazi anavuka na gari lake kwa nauli nafuu kwenda kujaza buti kwenye duka kubwa la bara, na lori linalomletea bidhaa mwenye duka wa kisiwani linalipa nauli kamili. Halafu duka likifungwa mseme ni intaneti.

Ugiriki walilitazama vizuri zaidi. Mwaka 2018 waliweka utaratibu wa kufidia tofauti kati ya gharama ya kusafirisha kwa bahari na ya nchi kavu, na wakaingiza wakazi na biashara za visiwani pamoja. Alaska, jimbo la Marekani lenye vijiji ambavyo havifikiwi kwa barabara, wana utaratibu wa posta ulioanza miaka ya 1970: bidhaa za dukani zikifungwa pamoja kufikia uzito wa pauni 1,000, kama kilo 450, zinatoka kwa muuzaji wa jumla moja kwa moja mpaka kwa mwenye duka wa kijijini kwa bei ya posta, bila kupita kaunta ya posta. Posta ya Marekani inabeba hasara. Kuna wanaoupinga kwa gharama yake, na wana haki ya kuhoji, lakini angalau pale mwenye duka amehesabiwa kuwa mtu anayestahili kufikiwa.

Kwa hiyo nikisikia mwanasiasa anaahidi "vifurushi vya bei nafuu kwa visiwa" bila kutaja nauli ya mzigo wa dukani, nashtuka. Ukipunguza kifurushi peke yake, umeliua duka kwa pesa ya umma. Punguza vyote viwili, au anza na lori la dukani.

Na nyinyi mnaosema "hamieni bara basi", kaeni na ushauri wenu. Visiwani ndiko samaki wenu wanakotoka na ndiko mnakokuja kupumzika. Sihami kwa ajili ya mota ya pampu.

Ninachotaka kwa wauzaji hakihitaji mkutano. Ulizeni msimbo wa posta kwenye ukurasa wa kwanza, kabla ya jina langu na kadi yangu, mniambie jumla yote. Kama hamfiki, andikeni hamfiki, nami nitaondoka bila ugomvi. Kisiwa chenye daraja kitoeni kwenye orodha ya nyongeza. Boksi liwe la ukubwa wa kitu. Na mkiandika kwamba mlijaribu kunifikishia, wekeni jina la chombo mlichosafiri nacho siku hiyo, kwa sababu kila bandari ina kumbukumbu ya vyombo vilivyoingia na kutoka.

Wenzangu wa visiwani, wekeni hapa chini picha za zile kurasa za malipo na zile jumbe za "hatukukukuta", mfute majina, simu na anwani zenu, ila tarehe iachwe isomeke. Mimi nitazilinganisha na siku ambazo boti zilizuiwa, kisha nazipeleka zote pamoja kwa mamlaka inayosimamia posta.